Bolti za injini: jua kwanza tundu linatokea wapi

Ndugu uliyeuliza kuhusu injini ya Probox huko Ngomeni: fundi anataka kupaka silikoni kila bolti, jirani anakwambia paka grisi. Wasimamishe wote wawili. Mimi nafunga injini hapa Malindi, na gari nyingi ninazopokea hupiga njia ya Gongoni kwenye viwanda vya chumvi, kwa hiyo mambo ya thredi, yaani ile michirizi ya bolti na ya tundu lake, siyafanyii mzaha. Kabla ya kupaka chochote, ingiza waya mwembamba tunduni ujue unatokea wapi: kwenye maji, kwenye oili, au tundu limezibwa chini. Hilo ndilo linaloamua.

Bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ndizo zinazotesa watu. Kwenye injini nyingi matundu yake yamepenya mpaka upande wenye oili. Ukizifunga kavu, oili hufuata thredi polepole mpaka itokee kichwani. Niliwahi kuletewa matatu iliyokuwa imebadilishwa oili sili ya nyuma mara mbili kwingine, na krachi bado inateleza. Nilipoteremsha giaboksi, mdomo wa sili ulikuwa mkavu kabisa. Lakini kutoka kila kichwa cha bolti kulikuwa na mstari mweusi wa oili ulioelekea nje, kwa sababu flaiwili ikizunguka huitupa oili nje. Ukiona mistari hiyo, usinunue sili nyingine. Toa bolti, zisafishe, uzipake gundi ya thredi. Toyota, kwa injini zake nyingi, huagiza gundi kwenye thredi mbili tatu za ncha ya bolti hizi, na vitabu vyake vya ufundi vinataja ThreeBond 1324 au inayolingana nayo.

Gundi hii si silikoni. Hukauka ikikosa hewa huku imegusana na chuma, na ikikuta mafuta kwenye thredi haishiki vizuri. Silikoni ikiwa mbichi hutelezesha bolti tu, na vipande vinavyobaki huangukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, vikaenda kuziba chujio la oili. Nimeshavitoa huko kwa mikono yangu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni usafi. Tundu lililozibwa chini usilipitishie tapu ya kukatia thredi, itakula alumini. Chukua bolti nzima ya saizi ileile, ikate mifereji miwili kwa urefu kwa msumeno wa chuma, uondoe makali, kisha uiingize na kuitoa kwa mkono. Uchafu utajaa kwenye mifereji. Puliza kwa kompresa, macho ukiyafunika, mpaka kitambaa cheupe kitoke kikavu. Oili au maji yakibaki chini, hayana pa kwenda bolti ikishuka, na bloku inaweza kupasuka.

Bolti za hedi (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku) za Probox yenye injini ya 1NZ-FE hazitaki gundi wala grisi. Ni oili ya injini, kidogo tu, kwenye thredi na chini ya kichwa. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayovuta kwenye spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, huliwa na msuguano, na kinachobaki ndicho kinachobana hedi. Ukibadilisha kilainishi, spana itasoma namba ileile lakini bolti itabana tofauti. Vuta Nm 29 (namba ya kwenye spana hiyo), halafu zungusha digrii 90, halafu 90 nyingine, kwa kufuata mpangilio wa kutoka katikati. Usichukulie hivyo kwa kila injini: V8 za zamani za Chevrolet, ambazo MerCruiser, kampuni ya injini za maboti, waliziweka kwenye maboti, bolti zake za hedi huingia kwenye maji, na bila kizibo cha thredi zitavuja.

Swichi ya oili usiifunge kwa utepe mweupe wa mafundi bomba. Vipande huingia kwenye njia za oili, na swichi ya waya mmoja hupata ethi yake kupitia bloku, kwa hiyo utepe unaweza kuikatia. Plagi za cheche ziache kavu. Studi za egzosi ndizo za grisi ya shaba, maana gundi ya kawaida haihimili moto ule.

Kwa bolti za nje, kama za pampu ya maji, hapa kwetu mimi hupaka gundi ya buluu kama Loctite 243 hata pasipo na uvujaji. Chumvi ikiingia kati ya bolti ya chuma na alumini, huota unga mweupe unaoishika bolti mpaka inakatika kichwa. Ya buluu hufunguka kwa spana. Nyekundu, 271, huhitaji moto, na kwenye bolti ndogo inayoingia kwenye alumini siikubali.

Tundu lililoliwa thredi litie helikoili, thredi mpya ya waya inayoingizwa tunduni, sasa, kabla hedi haijapanda. Ukishafunga, iache injini ilale, gundi ifikishe saa 24, ndipo utie maji na kuwasha.