Mwanangu, hadithi ina wenyewe

Mwanangu kipenzi, asalaam aleikum. Meseji yako niliiona juzi usiku nikaisoma nikaiacha, jana nikairudia tena, leo ndo nakujibu, maana haya si mambo ya kujibu kwa vois noti huku mafuta yanachemka jikoni. Umeniuliza, mama, nikiandika kwenye esei ya kuombea chuo Marekani kwamba nilikuwa nauza vitumbua ili nipate ada, huo ni uongo au ni kutia chumvi tu kama wanavyofanya wote? Ukaniwekea na esei yenyewe, yale maneno 650 wanayotaka Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa mara moja, keshakurekebishia yule kaka unayemlipa. Nimeisoma yote. Polepole, na kamusi ya simu, ila nimeisoma mpaka mwisho.

La ada halinipi shida, tulimalize. Ada ipi? Wewe umeingia fomu wani 2019, serikali ilishafuta ada ya sekondari tangu Januari 2016, na ya fomu faivu na siksi ikafutwa 2022 kabla hujafika huko. Tulichokuwa tunahangaikia ni sare, madaftari, nauli, mchango wa chakula, na vile viatu ulivyokuwa unavikanyaga kisigino. Hapo vitumbua vilisaidia, sikatai hata kidogo. Basi andika sare na mchango wa chakula. Mtu yeyote anayeijua Tanzania akikuta neno ada hapo anajua kuna fiksi, na akishakukamata kwenye dogo kubwa halisomi tena.

Ila kilichonikosesha usingizi si hicho. Kwenye aya ya tatu huyo kaka kaandika kwamba mama yako hajawahi kukanyaga darasani, hajui kusoma wala kuandika. Nilidhani Kiingereza kinanipiga chenga, nikarudia, nikaingiza kwenye simu initafsirie, ikaniambia vilevile. Mimi! Niliyemaliza fomu foo Tanga mjini, cheti kiko kabatini unakijua kilipo. Lile daftari la madeni la juu ya friji, lenye kava la bluu, kila jina mle ni mwandiko wangu, na ndo hilohilo nililokufundishia kutoa na kujumlisha ulipokuwa darasa la pili hesabu zimekugomea. Halafu ukanitumia mimi nisome kwamba sijui kusoma.

Najua si wewe uliyeandika. Najua pia hukuifuta.

Sasa we umeuliza kama ni uongo. Mimi nakujibu kingine, hiyo hadithi ni ya nani? Nasema siku zote na ndugu zako wananichoka, hadithi ina wenyewe. Ya kwako itie chumvi uonavyo, utaila mwenyewe. Ya mtu mwingine anapaswa aulizwe.

Unajua mjomba wako mkubwa hakai kwenye picha. Hata harusi ya dada yako alisimama nyuma ya spika. Mnasema ana maringo ya ubwana afya. Hamjui, na mimi sijawahi kuwaambia vizuri, leo nitakwambia.

Ilikuwa kule Muheza, mwaka 1989 hivi. Mkonge ulishaanguka, babu yako kazi ya shambani kwa wenye mkonge imekwisha, amebaki na michungwa yake ambayo msimu ukifika kila mtu ana machungwa na bei hakuna. Dhiki ilikuwepo ya kweli, hatukuhitaji kuongeza. Mjomba wako alikuwa na akili sana, wa kwanza darasani, na kukawa na shirika la Wazungu linatafuta watoto wa kuwasomesha sekondari. Mwalimu mmoja pale shuleni ndo alikuwa anajaza fomu. Akaona mtoto maskini tu mwenye wazazi wote wawili hatachaguliwa, yatima ndo wanatangulia, akaandika baba marehemu. Hakumwuliza mtu. Tulikuja kujua sponsa alipopatikana, na hela ishaanza kuingia.

Mwaka uliofuata wakaja kutembelea, mama wa Kizungu na mumewe, na Landrova. Mwalimu alituma mtoto alfajiri kuja kusema mzee asionekane leo. Babu yako hakugomba. Alichukua panga na redio yake akaenda kushinda kwenye shamba la jirani, ng'ambo ya mto. Bibi yako aliambiwa avae kijane, akakataa katakata, akasema mimi sikai eda ya mume niliyempikia uji asubuhi hii, akavaa kanga yake ya kila siku. Mimi nilikuwa mdogo, nikakalishwa kwenye jamvi nikakanywa nisifungue mdomo. Yule mama wa Kizungu akamshika bibi yako mikono miwili akalia, machozi ya kweli kabisa yanashuka, akamwambia mwalimu amtafsirie kwamba yeye naye alifiwa na baba akiwa mdogo. Bibi akawa anatazama chini. Kisha wakamgeukia mjomba wako, baba yako alikuwa mtu wa namna gani?

Na yeye akajibu. Mtoto wa miaka kumi na nne, anaeleza mbele ya wageni jinsi marehemu baba yake alivyokuwa mpole, alivyokuwa anapenda kusikiliza taarifa ya habari, na baba mwenyewe usiku ule ndo aliyemnyoa nywele ili wageni wamkute nadhifu! Halafu wakampiga picha.

Jioni babu yako akarudi, akanawa miguu, akakaa kwenye kigoda. Kimya. Akamwangalia mwanawe akamwuliza, "Wamenizika wapi? Na nani kanisalia?" Hakuuliza kwa kicheko, na hakuuliza tena mpaka anakufa kweli mwaka 2009. Siku hiyo mjomba wako aliingia mwanandani mwenyewe kumpokea, watu wakataka kumsaidia akakataa. Walioona wakasema anampenda sana baba yake. Mimi nilikuwa najua zaidi ya hapo.

Nimekusimulia halafu naanza kujibishana mwenyewe, maana siwezi kusema ile fomu ilileta mabaya tu. Mjomba alisoma kwa hela ile. Kutoka pale akawa bwana afya, na mshahara wake ndo ulionilipia mimi sekondari, hicho cheti ninachokuringia hapa juu kimetokana na babu yako kuzikwa akiwa hai. Bila hicho cheti nisingekufundisha hesabu. Sasa nasimama wapi mimi kumhukumu yule mwalimu? Alikuwa na fomu moja, mtoto mmoja mwenye akili, na watu wa mbali waliotaka yatima. Na babu mwenyewe aliondoka kwa miguu yake, hakukataa. Kuna siku nawaza aliridhia. Kuna siku nawaza baba mwenye mtoto wa kusomesha angefanya nini kingine, kuridhia gani huko ambako huna pa kukataa?

Ila hawakumwuliza. Hapo ndo narudi kila siku. Wangemwuliza labda angesema sawa. Hadithi ina wenyewe.

Na wala sisemi ujifiche. Hapa kwetu ukiomba Mlimani wanataka matokeo yako ya Necta na machaguo yako, hakuna anayekwambia jieleze wewe ni nani, kwa hiyo watoto wetu wanafika kwenye hizi esei hawajawahi kujisemea hata sentensi moja, na nyumbani tumewalea kwamba kujisifu ni aibu. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeuza vitumbua miaka yote hii nakwambia chema hakijiuzi, kikikaa ndani kinalala. Ulikuwa unakitembeza wewe na beseni kichwani, unapaza sauti vya moto vya motooo, saa tatu asubuhi vimeshapoa vyote, na mimi nakusikia toka uani nacheka sikukatazi. Lakini mteja alikuwa anakishika. Anakibonyeza, anajua kimepoa, anakupunja shilingi hamsini na mnaelewana. Huyu anayesoma esei yako huko Marekani hawezi kukushika. Ana maandishi tu na imani yake. Chumvi ya pale mtaani ilikuwa na mtu wa kuionja.

Huyo kaka anakwambia wote wanafanya. Ndiyo, wanafanya, ile habari ulinitumia mwenyewe, kwamba Uingereza mwaka 2007 UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, walipekua esei za waombaji wakakuta watoto 234 wote wanasimulia walivyounguza pajama zao kwa vifaa vya kemia walipokuwa na miaka minane. Mtu mmoja aliunguza pajama, wengine waliikopi kwenye mtandao. Na wale matajiri wa Marekani waliokamatwa 2019, watoto wao wameandikwa wachezaji hodari wa michezo ambayo hawajawahi kuicheza, mpaka picha zimetengenezwa. Kwa hiyo tajiri anadanganya kuongeza na sisi tunadanganya kupunguza, tunajivua hata kile kidogo tulichonacho ili tuonewe huruma. Hili la pili linaniuma zaidi, sikufichi. Na mkosa simuoni kuwa ni wewe peke yako, kuna watu huko mbali ambao wamezoea kusoma Afrika ya machozi na wanaochuuza esei wamelijua soko. Huyo kaka si aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa anawaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za chuo kwa malipo, kama vijana kibao wa Nairobi? Anajua wanachopenda. Wewe hakujui.

Maana angekujua asingeiacha ile ya Ijumaa. Unakumbuka? Ulikuwa darasa la sita, ukachukua daftari langu la madeni ukapiga mistari nyuma, siku saba kwa wiki nne, kila siku vimebaki vingapi. Nikakugombeza unanichafulia daftari. Ukaniambia mama, Ijumaa vinaisha kabla ya saa nne na Jumatatu vinabaki, Alhamisi loweka mchele kilo moja zaidi, Jumapili punguza. Sikuamini, nikajaribu, na kweli tui likaacha kumwagwa. Mtoto wa miaka kumi na mbili. Na leo unaomba ukasome takwimu! Ile kurasa bado ipo, jana nimeifungua, mistari imepinda na wino umevujia upande wa pili. Hilo kwenye esei halimo hata kwa neno moja. Umeniambia alilitoa kwa kuwa halina uchungu. Mimi nikilisoma nalia, sasa sijui anataka uchungu gani.

Unataka nikwambie andika au usiandike. Mkono unaniwasha kukuandikia hapa, kwa herufi kubwa. Najizuia, maana una miaka ishirini na fomu ni yako, na ukifika mwisho kuna sehemu utaweka sahihi kwamba kila kitu ni cha kweli na ni kazi yako, na wakigundua vingine nafasi wanaweza kuichukua hata ukishapokelewa. Sahihi hiyo ni yako, si ya huyo kaka na si yangu. Tena nikikumbuka hela za sponsa zilivyotuvusha nakosa nguvu za kukukataza kwa sauti. Ila kwa upande wangu nimeshaulizwa na nimejibu, mimi najua kusoma, hiyo sentensi itoke.

Na baba yako umemwandika hana kazi. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi daladala ya bosi wake, hesabu isipofika anajazia mfukoni kwake. Sijamwonyesha. Nimefungua simu mara nikafunga, nikaona si kazi yangu. Mwonyeshe wewe kabla hujatuma, mmesema mwisho tarehe 1 Januari, kwa hiyo siku zipo. Jumapili anakuwepo nyumbani kuanzia alasiri, njoo na esei ikiwa imechapishwa, simu inamsumbua macho, na umsomee kwa Kiswahili chake aya inayomhusu, yote, usiruke.