Ukienda Dambulla, biskuti ziache hotelini

Kosa letu la kwanza lilikuwa la saa. Mimi na wifi yangu tulitoka Kandy kwa basi la abiria, kilomita 72 tu kuelekea kaskazini, lakini lile basi husimama kila anaponyanyua mtu mkono, kama matatu za kwetu. Tukateremka Dambulla saa sita mchana, jua liko utosini, na badala ya kutafuta kivuli na dafu tukaanza kupanda.

Hekalu la mapango la Dambulla, katikati ya Sri Lanka, liko kwenye jabali linalonyanyuka kama mita 160 juu ya tambarare. Ngazi zenyewe si za kutisha. Kinachokumaliza ni joto, na baada ya joto, nyayo. Viatu vinavuliwa langoni na kuachwa kwa wanaovitunza, ukitoka unawapa chochote. Kofia nayo inavuliwa. Kuanzia hapo ni peku kwenye ua wa mawe ulioota jua tangu asubuhi. Wifi alivuka akirukaruka kwa ncha za vidole huku akiuliza, "Wifi, tumekuja kutembea au kuchomwa?" Wazungu waliokuwa nyuma yetu walipita taratibu kabisa, wamevaa soksi. Soksi zinaruhusiwa. Mimi sikujua.

Tiketi inakatwa chini, kabla ya kupanda. Tulimkuta kijana mmoja kafika hadi langoni bila tiketi, akarudishwa. Sijui kama alipanda tena.

Sasa tumbili. Kuna wa aina mbili pale. Wa kijivu, wenye mkia mrefu na uso mweusi, hawana neno sana na watu, hukaa mitini na mambo yao. Wasumbufu ni wadogo wa rangi ya kahawia, nywele za utosini zimetawanyika duara kama mtu aliyegeuziwa sahani kichwani. Hawa hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Sri Lanka, na naona wanalijua hilo. Mmoja alikaa kwenye ukingo wa ngazi akaniangalia usoni, kisha mkobani, kisha usoni tena. Nilikuwa na pakiti ya biskuti, haijafunguliwa, iko ndani kabisa. Nilipotia mkono kutoa simu, karatasi ikalia. Sikumwona akiruka. Nilichoona ni biskuti zangu ziko juu ya mti, na mama mmoja mwenyeji anacheka mpaka anashika mbavu.

Biskuti si kitu. Shida ni ule mvutano. Mtu anang'ang'ania mfuko, mnyama anauma. Akitaka, mwachie. Usimtolee meno ukidhani unamchekea, kwao kutoa meno ni ugomvi. Na akikuuma au kukuparura, hata kama ni kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama litavimba.

Mavazi kwa mwanamke wa pwani hayana tabu, mabega na magoti yafunikwe, basi. Nilikuwa na kanga mbili mkobani. Moja ikamwokoa dada mmoja wa kigeni aliyekuja na kaptura, akajifunga kiunoni akaingia nayo. Aliirudisha akiwa anasoma maandishi yake, ananiuliza maana. Yalikuwa ya mafumbo ya mke mwenza. Nikamwambia ni baraka.

Ndani tulipita mbiombio siku ile, kwa joto na hasira za biskuti, na hicho ndicho ninachokijutia. Kesho yake tukarudi saa moja asubuhi, tukakata tiketi upya, na likawa hekalu jingine kabisa. Mawe baridi, watu wachache.

Mapango ni matano. Inasimuliwa kwamba mfalme Valagamba, karne ya kwanza kabla ya Kristo, alifukuzwa Anuradhapura, mji mkuu wake, na wavamizi kutoka kusini mwa India akajificha humu, na alipokirudia kiti chake akayageuza mapango kuwa hekalu kwa shukrani. Katika pango la kwanza amelala Buddha wa mita 14, amechongwa kutoka jabali lenyewe. Pango ni jembamba, huwezi kumwona mzima kwa mara moja. Unaanzia nyayoni, zilizopakwa rangi nyekundu, unatembea kandokando yake hadi kichwani.

La pili ndilo la kukaa. Lina upana wa mita 52, na dari yote imechorwa, picha zikifuata kila bonde na kila kibyongo cha mwamba hata ukadhani ni kitambaa kimetundikwa. Tafuta chungu kinachokinga maji yanayodondoka kutoka kwenye ufa wa dari. Tulikaa sakafuni karibu nacho. Tone, kimya, tone. Wifi, ambaye hanyamazi hata usingizini, alinyamaza.

Picha unaweza kupiga, ila usiipe sanamu mgongo ili ujipige nayo, na usiguse. Si adabu tu. Mwaka 2012 watalii watatu wa Kifaransa walihukumiwa kifungo cha nje nchini humo kwa picha za kubusu sanamu ya Buddha. Mwenye tatoo ya Buddha naye aifunike.

Najua swali litakalokuja, maana hata mama yangu aliniuliza: Mwislamu anafuata nini hekaluni? Hakuna aliyetuambia tuiname wala tutoe kitu. Unasimama kando, unaangalia, unampisha anayeabudu. Nilinunua ua la yungiyungi kwa kumwonea huruma muuzaji, nikalipeleka puani. Bibi mmoja aliyevaa nyeupe tupu akatikisa kichwa polepole. Ua la kutolewa pale halinuswi kwanza, harufu si yako. Nikampa yeye akaliweka.

Ukitaka utulivu, epuka siku za mwezi mpevu. Ni sikukuu nchini kote na familia nzima nzima hupanda. Ukipenda kuona watu, basi hiyo ndiyo siku yako.

Na mwamba wa Sigiriya, unaouona kwa mbali ukiwa juu Dambulla, uwekee siku yake. Sisi tulishuka, tukanywa madafu yao ya rangi ya chungwa, tukachukua bajaji tukaenda kupanda na huko, ngazi kama 1,200, mchana huohuo. Hadi leo wifi akiona ngazi, hata za benki, ananigeukia kwanza.