Kwa Hadija, kuhusu miguu ya Swaibu

Mwanangu Hadija,

Salamu zako zimefika, na ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu Swaibu tangu Ramadhani anaamka usiku akililia miguu, unamchua mpaka analala, na baada ya siku chache anaanza tena, na rafiki yako anakushauri achomwe sindano za kutia nguvu. Halafu unaniuliza: mimi nami nilipokuwa mdogo nikilia hivyo, mlinipa dawa gani?

Ulilia, tena sana. Dawa yako ilikuwa mafuta ya simsim, mikono yangu, na kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kikakamuliwa. Ukizidiwa, parasetamoli ya kiasi cha uzito wako. Aspirini usimpe mtoto. Lakini ukiniuliza nilikupa nini, moyo wangu unakwenda kwa kile nilichokataa usipewe. Kisa hicho umekisikia kwa shangazi yako Zaituni, na yeye hukisimulia apendavyo.

Ulikuwa mwaka ule gugu-maji limeziba ziwa hata wavuvi wa Masese wakashindwa kutoa mitumbwi. Baba yako alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Wifi yangu, huyo huyo Zaituni, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bugembe, na usiku huo ukaamka unapiga mayowe, umeshika vigimbi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshayazoea. Wifi hakuyazoea. Akasema ni malaria imeshuka miguuni, tukawashe taa, twende kliniki. Nikakubeba, tukaenda, maana mgeni naye ana haki yake.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Yule bwana hakukugusa goti wala kisigino. Hakuuliza mguu gani, hakuuliza lini. Alikata shingo ya kichupa cha kwinini, akavuta dawa kwenye sindano, akaigonga kwa ukucha ili hewa itoke, akasema mlaze kifudifudi. Na wewe wakati huo ulikuwa umeshalala mgongoni mwangu, unakoroma! Wifi akaanza kukufungua kitenge. Nikasema hapana. Nikakaza fundo, nikatoka.

Hadija, si kwamba nilikuwa jasiri. Mtaani kwetu palikuwa na mtoto aliyeburuta unyayo tangu achomwe kwinini makalioni. Sindano ikipigwa pasipo pake hugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mguu unalegea, pengine moja kwa moja. Nilikuwa namwona kila siku akienda bombani. Sasa nimpe mtoto wangu ulemavu kwa ajili ya maumivu yaliyokwisha ondoka?

Wifi alinifuata mpaka barabarani. Mbele ya watu waliokuwa kwa muuza chapati alisema, "Huyu mtoto akifa, ndugu yangu ajue ni nani aliyemuua." Miaka mingi imepita, tumezika na kuozesha pamoja, na sentensi ile bado inanichoma nikiiandika.

Asubuhi baba yako aliporudi tulimweleza, kila mmoja lake. Hakumjibu yeyote. Alikupa kidumu kidogo akasema, "Niletee maji, binti." Ukakimbia, ukarudi unakimbia, maji nusu yamemwagikia gauni, kisha ukaenda kuruka kamba na wenzako. Baba akamgeukia dada yake akasema, "Mtoto mtazame asubuhi." Wifi alikunywa chai yake kimya. Mungu anisamehe, chai ile ilinifurahisha kuliko sikukuu.

Wiki ile ile nilikupeleka hospitali kuu, ili neno la kwamba mimi ni mbahili wa dawa lisibaki nyumbani. Daktari alikubonyeza kila kiungo, akakuzungusha nyonga, akakutembeza. Akaniambia watoto wengi wa kati ya miaka 3 na 12 huumwa hivyo, miguu yote miwili, mapajani, vigimbini au nyuma ya magoti, jioni au usiku, na kunapokucha hakuna kitu. Watu husema ni mifupa inarefuka, lakini alinionyesha kwamba hesabu haikubali: mtoto hurefuka kwa kasi zaidi katika mwaka wake wa kwanza na akibalehe, na maumivu haya huja katikati ya nyakati hizo. Sababu kamili haijulikani. Ila hayaharibu mfupa, nayo huisha yenyewe.

Kwa hiyo Swaibu anakua tu? Ulimi unaniwasha niseme ndiyo. Mjukuu wangu, damu yako, analia kama ulivyolia, kwa nini nisiseme? Lakini hapo hapo namkumbuka Mama Waiswa wa nyumba ya pembeni.

Pacha wake wale, Waiswa akicheza, Tenywa analia. Wakamwambia anadeka, wakamwambia anakua. Tenywa akiwa hajafikisha hata mwaka mmoja vidole vyake vya mikono vilivimba vyote, vikawa vinene vinang'aa, watu wakasema ni baridi. Alipopimwa damu hatimaye, ilikuwa selimundu, hiyo siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Leo yupo Iganga, ana duka la simu, na dawa anameza kila siku, lakini mama yake alipoteza miaka mizima akiambiwa anakua. Sasa mimi niketi Walukuba nikutumie neno lile lile? Mtoto mtazame asubuhi, nami asubuhi za Swaibu sijaziona.

Huku Busoga, na kwa wenzetu wa kaskazini, selimundu imeshika kuliko kwingi. Utafiti wa Uganda nzima uliotolewa mwaka 2016 ulikuta watoto 13.3 katika kila 100 wanabeba chembe yake ya urithi bila kuugua. Wazazi wawili wakiwa wanaibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Wewe na Bashiri mlipokaribia nikahi nililisema hili, mkanijibu siku zimekaribia. Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo. Basi mkapime wote watatu, hospitali ya Mulago hapo Kampala wana kliniki ya ugonjwa huo.

Na umchunguze hivi. Akiamka, mwite kutoka mbali umwone anavyokuja. Akichechemea asubuhi, au ikiwa ni mguu mmoja tu kila siku, au anashika kiungo chenyewe, goti au nyonga, na si nyama, pakivimba, pakiwa pa moto, akipata homa, akikonda, viganja vikipauka, ngozi ikivia damu bila kuanguka, au asitake kuchuliwa kabisa, usingoje Jumapili wala usiniulize mimi, mpeleke. Kama wiki mbili tatu nyuma aliumwa koo, na sasa kiungo kimoja kinavimba kisha kinahamia kingine, hilo nalo ni la hospitali haraka, kwa sababu linaweza kushambulia moyo. Wewe ulipenda kuchuliwa, ulikuwa unausukuma mguu mikononi mwangu usiku kucha. Hilo pekee lilinituliza zaidi ya maneno ya daktari.

Yule rafiki yako wa sindano za kutia nguvu mwambie mama yako amekataa. Nilikataa nikiwa kijana na wifi amenishika kitenge, sitashindwa kukataa kwa simu.

Mafuta ya simsim nimempa Mama Sauda, anakuja Kampala Jumanne. Usiku ukimchua, shika kwanza kigimbi, kisha goti, umwulize ni wapi hasa, na uniandikie jibu alilolisema yeye, si unavyodhani wewe. Majibu ya damu yakitoka nipigie siku hiyo hiyo, yawe yoyote yale.

Mama yako,
Walukuba