Boti inarukaruka baada ya kufungwa injini kubwa

Ndugu uliyeuliza kwa nini boti yako inarukaruka na usukani unavuta kulia tangu ufunge injini kubwa, kabla ya yote soma kibao cha mtengenezaji kwenye boti. Kama injini mpya imezidi nguvu iliyoandikwa, tafadhali iondoe. Ubao wa nyuma unaweza kupasuka mkiwa majini.

Kama haijazidi, huko kuinuka na kushuka kwa omo (sehemu ya mbele ya boti) mara nyingi ni uzito wa nyuma. Sogeza tangi na betri mbele, kisha inamisha injini ili sehemu yake ya chini iikaribie boti zaidi. Bamba bapa juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au sentimita 2 hivi juu yake. Likiwa juu kupita hapo, propela hunyonya hewa kwenye kona.

Usukani kuvuta kulia? Legeza pezi dogo chini ya bamba hilo, ncha yake ya nyuma uielekeze kulia kidogo, ujaribu tena.