Fyuzi ikikatika mara ya pili usiweke kubwa, tafuta waya

Mkuu, hiyo fyuzi ya ampia 30 uliyopewa na jirani yako, itoe. Itoe sasa hivi, ndipo urudi kusoma.

Nimeusoma uzi wako wote wa kuomba msaada hapa jukwaani. Gari la familia, umri umekwenda, taa za nyuma na mwanga wa dashibodi vinazimika kwa pamoja, fyuzi ya 10 imekatika mara mbili ndani ya wiki moja, indiketa ya kushoto inakimbia (inapepesa haraka kuliko kawaida), taa za mbele hafifu, na asubuhi unakuta betri haina kitu. Maswali ni mengi, lakini mimi nimeganda kwenye la fyuzi, maana hapo ndipo gari langu lilipotaka kutuchoma watu watano.

Kwangu ilianza hivyo hivyo. Fyuzi nyekundu ya 10 ikakatika, nikaweka nyingine, siku ya tatu ikakatika tena. Nikampelekea fundi mmoja aliyesifiwa kuwa umeme wa magari anauota. Hata boneti hakufungua. Akachomoa ile nyekundu, akachomeka ya kijani, ampia 30, akanipa somo: "Gari likizeeka linakula umeme mwingi, bosi. Fyuzi za kiwandani ni nyepesi." Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu timamu, nikatikisa kichwa kama mwanafunzi wa mbele darasani.

Hebu piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Balbu ya taa ya nyuma ya kuegeshea ni wati 5. Weka mbili, ongeza mbili za kuangazia namba ya gari, zote wati 20. Gawanya kwa volti 12: haifiki hata ampia 2. Za dashibodi ni nukta tu. Sasa fyuzi ya 10 inakatwa na nini? Balbu haiongezeki njaa kwa sababu gari limezeeka! Ikikatika hapo, kuna mahali umeme unatoroka kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari, bila kupita kwenye balbu. Waya umepiga shoti. Na fyuzi haikuwekwa kuilinda balbu, imewekwa kuulinda waya. Ukiweka ya 30 kwenye waya uliopimiwa 10, umeufanya waya wenyewe kuwa fyuzi, na joto ndani yake linaweza kufika mara tisa ya lile uliloruhusiwa, kwa sababu joto hupanda kwa kipeo cha pili cha ampia: ampia mara tatu, joto tatu mara tatu.

Taa zikawaka vizuri siku kumi na moja. Nilimsifu yule bwana kwa watu, Mungu anisamehe.

Siku ya kumi na mbili, usiku, watoto nyuma wamelala, nikasikia harufu ya plastiki. Nikamlaumu mdogo kwamba amevua viatu. Nikafungua dirisha. Mama watoto akaniambia, "Baba, viatu havitoi moshi." Nikatazama chini: uzi mweupe wa moshi unapanda kutoka pembeni ya mlango, pale zulia linapokutana na kizingiti. Nilisimamisha gari, nikawatoa wote, nikazima taa, nikafungua kichwa cha betri kwa koleo huku mikono ikitetemeka kama naiba kuku.

Kesho yake nikang'oa viti na kuinua zulia. Fungu la nyaya linalotoka kwenye sanduku la fyuzi kwenda nyuma lilikuwa limeyeyuka likawa kitu kimoja, kama mshumaa. Waya ulioungua ni mmoja tu, lakini ulikuwa umelala katikati ya wenzake: wa breki, wa taa ya rivasi, wa pampu ya mafuta. Ukikanyaga breki, dashibodi inawaka. Gari lilikaa wiki sita juu ya mawe na mimi nikiunganisha waya mmoja mmoja kwa kufuata rangi, na rangi zenyewe nusu zimeungua. Ile fyuzi ya kijani je? Nzima! Haikuwa na hata doa. Ninayo mpaka leo kwenye kikombe cha kalamu, na fundi wake nikikutana naye namsalimia kwa adabu, ila mkono simpi.

Kilichosababisha yote kilikuwa wapi? Kwenye ule mpira wenye mikunjo, pale nyaya zinapotoka kwenye bodi kuingia mlango wa buti. Fungua funga miaka kumi na kitu, waya unajikunja palepale mpaka ganda linapasuka. Nilipouvuta mpira nikakuta shaba iliyo uchi, urefu wa punje ya mchele, imegusana na chuma cha bawaba. Punje moja ya mchele, mkuu.

Kwa hiyo anzia hapo. Chomoa balbu zote zinazopata umeme kupitia fyuzi hiyo, zikiwemo za namba. Mahali pa fyuzi unganisha balbu ya wati 21, ile ya breki, kwa vipande viwili vya waya. Washa swichi ya taa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo muda huo, na balbu inaubana umeme usizidi ampia 2, hivyo hakuna kitakachoungua wakati unatafuta. Sasa mtu mmoja aitazame, wewe nenda ukachezee nyaya: fungua buti, funga, vuta mpira, tikisa. Ikizimika au kufifia ghafla, mkono wako upo juu ya ugonjwa. Isipowaka kabisa, usishangilie, shoti za buti huja na kuondoka; endelea kufungua na kufunga.

Ukiupata usiuzungushie tepu ukaondoka. Kata kipande kibovu, weka waya mpya ulio laini wa unene uleule, na viungo vikae nje ya mpira, mahali pasipojikunja. Halafu rudisha nyekundu ya 10.

Indiketa kukimbia, kwa kawaida balbu moja ya upande huo imeungua au soketi yake ina kutu, angalia ya nyuma kwanza. Na ukishaona rangi ya waya uliopasuka, rudi uniambie. Wangu ulikuwa wa kijani wenye mstari mwekundu, na fundi aliniapia kwamba waya huo hauendi kwenye buti.