Kabla ya Kununua Nyumba ya Kupangisha, Tembea Hadi Kituoni

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza safari kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, nilikuwa na nyumba mbili za kupangisha upande wa Kimara, moja ikiwa mwendo wa dakika nane kwa miguu kutoka kituoni na nyingine ikihitaji bajaji. Zililingana kwa vyumba, maji na umeme, na kodi yake ilikuwa moja. Leo chumba cha ile ya kwanza hakikai wazi wiki mbili, ilhali ya pili nimeipunguzia kodi mara mbili, kwa kuwa mpangaji anayefanya kazi Posta au Kariakoo hujumlisha nauli ya bajaji na kodi kabla ya kukubali chumba.

Dalali atakuambia ni dakika tano tu, naye anahesabu kwa bodaboda. Tembea mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, kisha saa mbili usiku, na ikiwezekana wakati wa masika, uone kama kuna korongo linalojaa maji au uchochoro wenye giza ambao mama mwenye mtoto hawezi kuupita. Ukifika kituoni, tazama pia mabasi yanakuja yakiwa na nafasi kiasi gani, maana kituo ambako safari inaanzia humpa abiria kiti ambacho katikati ya njia hakipati.

Hata hivyo, kukaa karibu na kituo si kukaa kando ya barabara kuu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ambayo hapo ilipimwa zaidi ya mita 100 kutoka katikati ya barabara. Niliwaona majirani wakiokota mabati yao kwenye kifusi, na tangu siku hiyo silipi hata malipo ya awali kabla TANROADS, wakala wa barabara, na halmashauri hazijanithibitishia mpaka wa hifadhi kwa maandishi.

Tahadhari pia na bei ya kituo ambacho bado ni ahadi. Ujenzi wa njia ya mwendokasi ya Mbagala ulianza mwaka 2019, na hata barabara ilipokamilika iliendelea kusubiri mabasi, huku aliyekopa benki akitegemea kodi ya juu akilipa riba kila mwezi. Eneo la namna hiyo linunue kwa bei ambayo kodi ya sasa, ya mpangaji anayepanda daladala, inaweza kuirudisha.