Usiandike barua ya kuacha kazi bado

Mdogo wangu, umeuliza kama uache uhadhiri ili utengeneze filamu za hali halisi kwa kujitegemea, kwa kuwa kazi mbili zimekuelemea. Uchovu huo naujua vizuri. Lakini subiri kidogo.

Mtazame Manthia Diawara, mzaliwa wa Bamako, profesa wa Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1994 yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o walitoa filamu kuhusu Sembène Ousmane, mwandishi na mtengeneza filamu wa Senegal. Mwaka uliofuata akamgeuzia kamera Jean Rouch, Mfaransa aliyejulikana kwa kuwarekodi Waafrika wa Magharibi. Mambo ambayo Diawara aliyafundisha na kuyaandika ndiyo hayohayo aliyoyapiga picha. Nadhani ndiyo maana hakupasuka katikati. Wewe je, unafundisha jambo gani ambalo ungelirekodi hata bila malipo? Anzia hapo, na mshahara uendelee kulipa kodi ya nyumba, maana filamu ya kujitegemea huweza kula miaka kabla haijarudisha senti.

Soma mkataba wako wa ajira, hasa kipengele cha haki miliki. Mimi nilirekodi kwa kamera ya chuo, kisha nikaambiwa picha zote ni mali yao. Iliniuma sana. Azima kamera kwa rafiki ikibidi.

Muulize pia mkuu wa idara, kwa maandishi, kama filamu inahesabiwa katika kupandishwa cheo. Jibu lake likija, niandikie tulipime pamoja.